Nyumba Iliyoongea kwa Kukohoa

"Katika nyumba hii, huyu mtoto anajifunza kuongea kutoka kwa nani?"

Niliulizwa swali hilo Mbeya, miaka ya hamsini, nikiwa napima ukuta wa chumba cha mbele kwa kamba. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kampala, kichwa kimejaa maswali yangu mwenyewe, na sikuwa nimezoea kuulizwa. Nilijibu harakaharaka kwamba mtoto hujifunza kwa kila mtu, kama watoto wote. Mama aliyeniuliza alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua maharage ya zoezi la kumimina. Alijua sijajibu. Na mimi nilijua.

Nawaandikia ninyi vijana mnaogeuza sebule, vibaraza na stoo za bibi zenu kuwa vyumba vya watoto kwa njia ya Montessori, ile ya mtoto kujifunza kwa kazi za mikono yake. Baadhi yenu mmefika kwangu hapa Iringa na picha za rafu nyeupe, mkaniuliza rangi ile inaitwaje. Sijui. Rafu zangu za kwanza zilikuwa makasha ya mbao yaliyosafirishiwa madebe ya mafuta ya taa, na watoto wangu walinuka mafuta ya taa mpaka Pasaka. Katika kazi hii nimekosea mambo mengi, nimepatia kiasi, na nina hakika na machache tu. Hayo machache nitayasema bila kuomba radhi.

La kwanza: kabla hujanunua chochote, piga magoti nje ya mlango uingie chumbani kwa magoti.

Pale Ipogolo, bondeni hapa Iringa, kulikuwa na mama mmoja, mke wa dereva wa lori, aliyenialika nikione chumba alichowaandalia wanawe. Kilikuwa safi, kimepakwa chokaa, picha ukutani, maua mezani. Nikamwambia tupige magoti. Alicheka, akaikaza khanga yake, tukaingia kama watu wanaotubu. Picha zote zikapotea juu ya vichwa vyetu. Tulichokiona ni uvungu wa meza, mguu wa kiti uliopasuka, na msumari uliochomoza ukutani usawa wa jicho la mtoto wa miaka mitatu. Yule mama hakucheka tena. Aliung'oa kwa vidole vyake mwenyewe kabla hatujainuka.

Hapohapo Ipogolo ndipo ukimya uliponishinda. Mnalijua zoezi la ukimya: watoto wanakaa, wanafumba macho, wanatulia mpaka wanasikia vitu ambavyo kwa kawaida havisikiki, halafu mkubwa aliye chumba cha pili anawaita kwa kunong'ona, mmoja mmoja, na anayeitwa anainuka taratibu na kumfuata. Sasa jaribuni kunong'ona mahali ambapo malori yanabadilisha gia ili yapande mlima kwenda mjini. Wiki nzima nilinong'ona, na kila lori lilinijibu. Nilikuwa karibu kuliacha zoezi lile pale msichana mmoja aliponiambia, kwa subira anayostahili kupewa mzee asiyeelewa, "Mwalimu, si tusubiri lipite?" Tukawa tunasubiri lipite. Watoto wale wakajua kusikia lori likiwa bado darajani.

Lakini zoezi hilo nilijifunza Mbeya, na huko ndiko lilikobeba jambo zito. Nirudi huko.

Nyumba ilikuwa ya kaka yangu Gwakisa. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa kampuni moja ya malori Iringa, akija nyumbani pale lori lilipomleta. Waliokaa Mbeya walikuwa mkewe Tumpe, mtoto wao Ambokile tuliyemwita Ambo, na baba yetu. Baba alikuwa seremala wa misheni kule milimani Rungwe. Gogo lilimvunja mguu, kaka akamleta mjini awe karibu na hospitali, na kwa kuwa mguu ulikataa kunyooka, alibaki. Alibaki tangu kabla Ambo hajazaliwa.

Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, hakutani naye njiani, na hapaazi sauti mahali ambapo mkwe anaweza kumsikia. Mkwe naye humkwepa vilevile. Milimani desturi hii ilikuwa na nafasi ya kuishi, kwa maana wazee walikuwa na kijiji chao, vijana waliooa walikuwa na chao, na katikati kulikuwa na migomba ya kutosha mtu kujisitiri. Mjini Mbeya kulikuwa na nyumba moja ya kupanga yenye ukumbi mmoja mwembamba.

Kwa hiyo nyumba yetu iliongea kwa kukohoa. Baba alilala chumba cha mbele na kutwa alipiga randa kibarazani. Tumpe aliishi vyumba vya nyuma na jikoni. Baba akitaka kwenda uani alikohoa, na Tumpe akaingia jikoni akasukuma mlango. Tumpe akitaka maji ya pipa lililokuwa pembeni ya kibaraza alikohoa yeye, na Baba akageukia ukuta kama mtu anayekagua chokaa. Chakula kilipita mkononi mwangu. Majirani Wasafwa waliwahi kuniuliza, kwa huruma ya kweli, kama familia yetu ilikuwa na kifua.

Mimi niliyekuwa nahoji kila kitu sikuona ajabu yoyote hapo. Nilikua hivyo. Kule chuoni niliwabishia wahadhiri kuhusu asili ya lugha, lakini nilipoingia katika nyumba hii nilikohoa kama wengine.

Ambo alikuwa anakaribia miaka mitano na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno. Alielewa. Ukimtuma kijiko analeta kijiko. Lakini ukimuuliza jina alikutazama mdomo, kisha akatazama kibarazani, kisha akaondoka. Watoto wa mtaani walimwita Bubu na wakaacha kumwita kucheza. Tumpe peke yake alikataa.

"Wifi, mtoto anaongea," aliniambia siku nilipofika, akinong'ona jikoni, kwa sababu jikoni pia tulinong'ona. "Anaongea na mimi."

Nikamwambia nimsikie. Tukamsubiri siku kadhaa. Mbele yangu hakutoa hata mguno. Nikamweleza Tumpe, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba mama husikia anachokitaka. Aligeuka akapuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kaka alikuwa ameshaamua. Shuleni hawatampokea bubu, alisema, na kumweka mjini ni kumlea achekwe. Mvua zikipungua angempeleka kwa baba mdogo kule milimani akachunge ng'ombe, maana ng'ombe hawamuulizi mtu jina. Tumpe alipewa habari hiyo kama anavyopewa mtu habari ya hali ya hewa. Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri kupangiwa kituo cha kufundisha, sina kazi, na nikaapa kwamba mtoto huyo hataondoka kabla sijajaribu kila nilichoweza. Sikujua bado ni kitu gani.

Basi akaja Hiraben. Alikuwa mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindu, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kabla hajaolewa alikuwa amesomea njia ya Montessori kwao Gujarati na kufundisha watoto wadogo huko. Alikuja nayo Mbeya kwenye sanduku: kitabu ambacho yeye tu aliweza kukisoma, na ubao mmoja wenye matundu na vigogo vyake vya mviringo, kila kigogo na tundu lake. Alifika mlangoni kwetu akiwa amemshika mkono mwanawe Kirit, akasema amesikia humu kuna msichana amesoma na anapenda watoto, na yeye anatafuta watoto wa kucheza na wake na mtu mzima wa kubishana naye. Nikamwambia kupenda watoto sina hakika, lakini kubishana naweza. Sikumuuliza nani alimwambia habari zangu. Hilo peke yake sikuliuliza.

Wakati ule shule za Wazungu zilikuwa za Wazungu, za Wahindi za Wahindi, na zetu zetu. Lakini hakuna aliyekuwa ametunga sheria ya sebule. Tukachagua sebule yetu, kile chumba cha mbele alicholala Baba, kwa sababu ya kwake ilikuwa imejaa mabati.

Siku ileile, kabla hatujapanga hata kasha moja, ndipo alipositisha kuchambua maharage akaniuliza Ambo anajifunza kuongea kutoka kwa nani.

Baba alituachia chumba chake cha mbele. Alihamishia kitanda pembeni akakifunika kwa turubai, akaniuliza nataka meza za kimo gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Alimwita Ambo, akampima goti kwa kipande cha mwanzi, akasema goti haliongopi. Hadi leo nawaambia hivyo: msitumie vipimo vya kitabu, pimeni goti la mtoto aliye mbele yenu. Watoto wa milimani wana miguu yao.

Nilivyokuwa na haraka, nilitaka Baba anakili vigogo vya Hiraben mara moja. Alinionyesha mbao aliyokuwa nayo akasema bado inapumua, ilipasuliwa juzi. Nikasema mvua zikiisha mtoto anaondoka, hatuna muda wa kungoja mbao ipumue. Alinitengenezea. Vilikuwa vizuri sana, laini kama yai. Ukungu wa Mbeya ukashuka, mvua ikanyesha mfululizo, na vigogo vikavimba ndani ya matundu yake. Asubuhi moja watoto walivivuta kama wanang'oa mihogo. Mtoto wa jirani alianguka chali na kigogo hakikutoka. Kirit alileta mafuta ya kula ya mama yake akavimiminia vyote, na Hiraben, badala ya kumgombeza, alikaa chini akacheka hadi akajifuta machozi kwa sari. Baadaye, misonobari ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill ilipokomaa, nilichukua mbao zangu zote Mafinga, zilizokaushwa, na kila fundi aliyeniambia "hii imekauka" nilimwomba anipe kipande nikakae nacho mwezi mmoja kwanza. Waliniona msumbufu. Vigogo vyangu havivimbi.

Herufi nazo zilikuwa na vita vyake. Tulikata herufi za msasa, mtoto azipapase kwa kidole, tukazibandika kwenye vibao kwa uji mzito wa muhogo. Jumatatu tulikuta panya wamekula irabu zote. Konsonanti hawakuzigusa sana, sijui kwa nini. Hiraben alisema ni panya wa shule ya zamani, wanaoanza na a-e-i-o-u. Tumieni gundi ya fundi viatu.

Mnaona ninavyopotea njia. Nilitaka kuwaambia kuhusu Tumpe.

Tumpe hakuweza kuingia chumba cha mbele, kwa sababu Baba alikuwa kibarazani na mlango wa kibaraza haukufungwa mchana. Alitayarisha trei jikoni, akanipa kupitia pazia la ukumbini. Maji ya kumimina, maharage ya kuhamisha kwa kijiko, vitambaa vya kukunja. Alivipanga vizuri kuliko mimi, na siku zote aliacha nafasi ya mkono mdogo. Nami nilimsumbua. Nilimwambia huu si wakati wa kujificha nyuma ya pazia, dunia inakwenda, atoke akae na mwanawe.

"Wifi," alisema, "wewe ni binti yake. Utabwabwaja mpaka jioni na watasema umesoma. Mimi nikipayuka siku moja, watasema Gwakisa alioa nini."

Nikamwambia hiyo si haki.

"Sijasema ni haki. Nimesema ndivyo ilivyo. Wewe ukishamaliza kuuliza utapangiwa kituo uende. Mimi kituo changu ni hapa."

Wale wenzangu wa chuo hawakuwahi kunifunga mdomo namna ile.

Basi nikakazana na kilichokuwa mkononi mwangu. Ambo alikuja chumbani kila siku, akafanya kazi zote, akapiga deki, akajenga mnara wa vipande vya mbao bila kuuangusha, kimya. Watoto walikuwa watano au sita, mchanganyiko wa mtaa, wakiongea Kisafwa, Kigujarati, Kinyakyusa na Kiswahili cha sokoni kwa wakati mmoja. Katikati ya kelele zile yeye alikuwa kama mtu aliye ndani ya maji. Nilianza kuamini kwamba hasikii vizuri. Nilimweleza Hiraben, naye akasema tufanye zoezi la ukimya, tutajua.

Kabla hatujalifanya, kaka akafika. Lori lilikuwa linashusha mzigo Mbeya kisha linaelekea Tukuyu, kule milimani, alasiri, na alikuwa ameshaongea na dereva. Tumpe alipofunga nguo za mtoto kwenye shuka, alizifunga vizuri, akazifungua, akazifunga tena. Nikamwomba kaka akae asubuhi hiyo moja tu, aone.

"Nione nini, dada? Mtoto akipiga deki? Mimi nilitaka mtoto wa kusoma, wewe unamfundisha uboi wa kwa Wazungu."

"Ukae. Ukishaona, umchukue."

Akakaa, kwa sababu mvua nyepesi ilikuwa inanyesha na dereva alikuwa bado anakula. Hatukuwa na kiti cha mtu mzima. Alikalia kigoda cha Ambo, magoti yakamfika masikioni, na Kirit akamwambia kwa heshima zote kwamba huku watu hukalia viti vya saizi yao.

Watoto walikaa mkekani. Hiraben aliwafumbisha macho. Nje, Baba alikuwa anapiga randa polepole. Mimi nilisimama ukumbini nyuma ya pazia, na nyuma yangu, penye mlango wa jikoni, alisimama Tumpe na shuka lile mikononi. Tulisubiri hadi watoto wakatulia, mpaka tukasikia matone kwenye bati moja moja. Nikaanza kunong'ona majina. Kirit aliinuka, akaja kwa ncha za vidole, uso unang'aa. Wakaja wengine. Mwishowe akabaki Ambo peke yake mkekani.

Nikanong'ona, "Ambokile."

Hakuinuka. Nikarudia. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia: alikuwa amefumbua macho na anatazama mlango wa kibaraza.

Kaka alijinasua kwenye kigoda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Umeona mwenyewe, Sekela," alisema. "Umejaribu. Asante. Nipeni nguo zake."

"Bwana Gwakisa," Hiraben alisema, "bado hajaitwa na mama yake."

Kila mmoja wetu Wanyakyusa katika nyumba ile alijua kwa nini mama yake hawezi kumwita. Baba alikuwa kibarazani, hatua chache tu, na hata kunong'ona kungemfikia katika ukimya ule. Niligeuka nikamtazama Tumpe. Mkono wake mmoja ulikuwa umefunika mdomo wake, na hapo ndipo nilipoona, baada ya miezi ya kuishi naye, kwamba mkono ule ulikuwa hapo siku zote. Alipomwita mwanawe alimwita kwa mkono. Alipomkataza alimkataza kwa jicho. Alipomsimulia kitu alimsimulia sikioni, mkono ukiwa umekinga. Swali la Hiraben likanirudia lote. Mtoto alikuwa amejifunza kuongea barabara, kutoka kwa mtu ambaye katika nyumba ile haongei.

Randa ikanyamaza.

Baba alikohoa. Hakukuwa kukohoa kwa kutaka kupita uani, huko tulikujua. Tukasikia fimbo yake kwenye sakafu ya kibaraza, kwenye ngazi, kisha kwenye kokoto. Alitoka getini bila kofia, mvuani, na mguu wake mbovu. Tukaisikiliza fimbo ile hadi barabarani, mpaka haikusikika.

Tumpe aliushusha mkono wake.

"Ambo!" aliita. Hakunong'ona. Ilikuwa sauti nene ya mwanamke wa milimani anayeita mtu aliye shamba la pili, na mimi sikuwahi kuisikia.

Mtoto hakuja kwa ncha za vidole kama zoezi linavyotaka. Alikimbia, akapita chini ya pazia, akamrukia mama yake na kumziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Mama," alisema kwa Kinyakyusa, kwa kunong'ona kukali, "Babu atasikia."

"Babu ametoka," Tumpe alimwambia. "Hayupo. Ongea."

Ambo alimtazama. Alitazama pazia. Kisha akageuka kwetu sote, watoto, Hiraben, mimi, baba yake aliyesimama kashika ukingo wa mlango, na kwa sauti ileile nene ya mama yake akatoa malalamiko ambayo nadhani alikuwa ameyatunza kwa wiki nyingi: kwamba Kirit huwa anakosea, kigogo kinene si cha tundu la kwanza, na amechoka kumtazama.

Kirit alisema si kweli. Ambo alisema ni kweli. Wakaenda kwenye ubao kuhakikisha.

Kaka alichukua shuka mikononi mwa mkewe, na nilidhani bado anataka kuondoka nalo. Alikaa nalo kwenye kigoda kile, akalifungua fundo, akaanza kukunja upya vile vishati, kimoja kimoja, vibaya sana. Lori lilipopiga honi alitoka peke yake. Alimkuta Baba amesimama chini ya upenu wa duka, wakaongea kidogo. Sijui walisema nini.

Tangu siku hiyo Baba alitoka kila asubuhi watoto walipokuwa wakiingia, na kurudi walipomaliza. Benchi lake alilihamishia uani kwa duka la Hiraben. Desturi haikuvunjwa. Hawakutazamana, hawakukutana njiani, na jioni nyumba ilikohoa kama kawaida. Mimi nilitaka ivunjwe, na nilisema hivyo, na bado nasema. Lakini asubuhi zile zilikuwa za Tumpe. Aliingia chumba cha mbele, akaongea na watoto wote, na akajua kunyamaza pale mtoto anapofanya kazi, kitu ambacho mimi kilinichukua miaka. Barua ya kupangiwa kituo ilipokuja sikuijibu vizuri. Nilibaki naye hadi Ambo alipoingia darasa la kwanza, ambako mwalimu wake alilalamika kwamba anaongea mno.

Basi hili ndilo jambo la pili nililo na hakika nalo, na ndilo ninalolishikilia zaidi. Kabla ya rafu, kabla ya mikeka, kabla hata ya kupiga magoti mlangoni, kaeni siku nzima ndani ya nyumba mkiisikiliza. Nani anaongea. Nani akiingia wengine wananyamaza. Mtoto anamtazama nani kabla ya kufungua mdomo. Kila nyumba ina kukohoa kwake, ziwe za Wahehe, za Wabena, za Waislamu wenye maduka, hata zenu za sasa mnazosema hazina desturi. Usipokujua kukohoa huko, utamwekea mtoto vifaa vizuri mahali ambapo hathubutu kupumua.

Nilifanya hivyo maisha yangu yote. Kila mama niliyemsaidia, Mbalizi, Mafinga, hapa Iringa, nilimuuliza swali la Hiraben neno kwa neno.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ameshafariki, Hiraben alipita Iringa akielekea Dar es Salaam kumfuata Kirit. Tulikaa kibarazani kwangu tukinywa chai ya tangawizi, wazee wawili wenye magoti mabovu. Nikamwambia nimeliishi swali lake.

"Lile si langu, Mwalimu," alisema.

Alishangaa kwamba sikujua. Kabla hajafika mlangoni kwetu siku ile ya kwanza, Baba alikuwa ameenda dukani kununua misumari. Alisubiri wateja wote watoke. Kisha akamwambia ana mjukuu, na ana binti aliyesoma, na nyumba yake iko kimya kwa sababu yake yeye mwenyewe. Akamwomba aje kwetu na kile kisanduku chake, aniulize mtoto anajifunza kuongea kutoka kwa nani. Yeye hawezi kuniuliza, alisema, kwa sababu jibu lake ni mkwe wake, na mkwe hatajwi. Alilipa, akaondoka. Misumari aliiacha juu ya meza.